Silikoni Hulazwa Juu ya Fedha



Leo tuongee juu ya silikoni. Silikoni hutolewa katika mchanga. Ndiyo iliyomo ndani ya redio, simu na vile vibao vya kupokea nguvu za jua. Kama vitu vyote, imejengwa kwa punje ndogo zisizoonekana kwa macho. Punje hizo huitwa atomi.

Wataalamu walijiuliza: Je, yawezekana kupata karatasi ya silikoni yenye unene wa atomi moja tu? Karatasi hiyo huitwa silisini. Ukipanga karatasi milioni 1 za namna hiyo, unene wake haufiki milimita 1!

Kuikata haiwezekani. Atomi za silikoni hupenda kushikana pande zote, zikawa donge. Basi zinahitaji kitanda. Mwaka 2012 wataalamu wa Ulaya walieleza jinsi walivyoilaza juu ya madini ya fedha.

Kwanza, fedha husafishwa sana ndani ya chombo kilichotolewa karibu hewa yote. Kwa nini? Oksijeni ikiishika silikoni, huirudisha katika jamii ya mchanga.

Pili, fedha hupashwa moto, nyuzi kati ya 200 na 300 hivi za Sentigredi.

Tatu, silikoni hupashwa moto mkali zaidi mpaka itoe mvuke. Atomi zake huangukia fedha kidogo kidogo.

Moto wa fedha ukiwa mdogo, atomi hubaki ovyo pale zilipoangukia. Ukizidi, hukusanyika madonge. Ukiwa wa kadiri, hutembea, zikashikana sita sita kama vyumba vya sega la nyuki. Fedha inafaa kwa kuwa haichanganyiki upesi na silikoni. Tena vipimo vinalingana: hatua 3 za silisini ni karibu sawa na hatua 4 za fedha.

Lakini taabu iko hapo hapo. Kitanda hicho huing'ang'ania silisini, tena hupitisha umeme na kuuvuruga ule wa silisini. Ukiibandua bila kinga, hewa inaiharibu.

Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani na Italia waliifunika kwanza, wakaibandua pamoja na fedha yake. Wakatengeneza transista, ile swichi ndogo ya umeme iliyomo pia katika redio. Ilifanya kazi. Lakini ilipokutana na hewa, ilidumu dakika chache tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, akija mtu kijijini kuuza redio ya silisini, msimpe hata senti. Silisini bado imo maabara, inatafutiwa njia ya kutoka kitandani ikiwa nzima.