Kodi ya simu tuliiangusha, lakini hesabu bado
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi)



Niliombwa niongee kidogo juu ya jambo moja: raia anapigana namna gani na kodi mpya bila kurusha hata jiwe moja? Mimi siko mwanauchumi. Niko na lisansi yangu ndani ya bahasha, barua za kuomba kazi ndani ya simu, na uniti zangu ni za kuhesabu. Wengi wenu mko hivyo hivyo, basi tutaelewana.

Kila kodi mpya inakuja imevaa nguo safi. Kodi ya sigara wanasema ni kwa ajili ya mapafu yenu. Kodi ya pombe kali ni kwa ajili ya maini yenu. Tusicheke, mara nyingine ni kweli. Mtu akisema bei ya sigara ipande ili mtoto wa miaka 15 ashindwe kuinunua, namuelewa: anataka sigara ipungue. Lakini mwezi wa 9 mwaka 2020, hapa kwetu, walileta kodi juu ya simu. Jina lake RAM, yaani orodha ya simu zote za mkononi. Na mimi nauliza: serikali ilitaka simu ipungue? Ilitaka mama wa soko asiitie tena mteja wake? Ilitaka mwanafunzi asisome tena kwenyi intaneti, wakati maktaba hakuna?

Walituambia lengo ni kupiga vita wizi wa simu na simu za bandia. Kila simu iko na namba yake ya IMEI. Piga *#06# sasa hivi, utaiona. Namba hiyo ikiandikwa kwenyi orodha, simu ikiibiwa, inafungwa. Wazo haliko baya. Lakini kuandika namba ni kazi ya mara moja. Sasa kwa nini kulipa kila mwaka? Simu yangu inabadilisha namba kila tarehe 1 ya mwezi wa kwanza?

Tukumbuke bei, juu vijana wadogo hawakuijua. Simu ya 2G, ile ya tochi, ilikuwa dola 1 kwa mwaka. Simu ya 3G na 4G ilikuwa dola 7, zinakatwa mara sita, dola 1,17 kila mara. Wakati ule ilikuwa karibu franka 2 300. Unatia uniti, unasema utaita nyumbani, uniti zimekwisha kwenda. Mkubwa mwenye simu ya dola 1 000 alilipa 7. Mtoto wa chuo mwenye simu ya okazio, kioo kimepasuka, alilipa 7 vilevile. Na wote wawili walikuwa tayari wanalipa TVA ya 16% ndani ya uniti, pamoja na kodi ile nyingine inayotozwa pia kwa pombe na sigara.

Tuangalie vizuri namna ilivyotozwa, maana akili yote iko pale. Kwenyi barriere, mtu anakusimamisha, unamuona uso, unaweza kumuomba kitansi, unaweza kubishana. RAM haikuwa na uso. Ilikata kimyakimya, kidogo kidogo, na hakuna kitansi. Kiasi kidogo kinachaguliwa kwa sababu mtu mmoja haendi kwa mwanasheria juu ya dola 1,17. Lakini simu milioni moja mara dola 7 ni dola milioni 7. Kidogo ni kwako wewe peke yako. Kwa yule anayepokea, haiko kidogo.

Basi raia walifanya nini? Kuna wenye kudhani tulishinda kwa kelele. Kelele ilikuwako, ndiyo. Watu walilia kwenyi mitandao, walipiga picha za ujumbe wa kukatwa uniti, walitembea barabarani. Lakini kelele peke yake serikali inaizoea, kama sisi tunavyozoea jenereta ya jirani. Kilichoumiza RAM ni maswali matatu ambayo hata mama asiyesoma aliweza kuyauliza.

Swali la kwanza: sheria iko wapi?

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Sheria inapita bungeni. RAM ilikuja kwa dekre na arete. Wakubwa wakajibu: haiko kodi, ni malipo ya huduma. Hapo mtu wa kawaida anaweza kunyamaza, juu neno ni la kitaalamu. Sisi tusinyamaze. Huduma ni kitu ninachoweza kukataa. Kinyozi akinikata nywele, namlipa. Nikibaki na nywele zangu, hanidai kitu. RAM ningeweza kuikataa? Hapana. Kitu nisichokiomba, nisichoweza kukikataa, na kinachokatwa kwa nguvu, hicho ni kodi, hata ukikipa jina la ubatizo. Na kama ni kodi, inaomba sheria.

Swali la pili: huduma iko wapi?

Kama umelipa ili simu ya wizi ifungwe, basi uliza watu kumi walioibiwa simu wakati ule: ya nani ilifungwa, ikarudi? Ndiyo swali lililotembea kwenyi taxibus, kwenyi soko, mbele ya kanisa. Halihitaji diploma.

Swali la tatu: makuta iko wapi?

Iliingia kwenyi hesabu gani? Ilitumika kwa kitu gani? Nani aliikagua? Mwaka 2021 swali hilo likafika bungeni. Wabunge wakamuita waziri wa posta na mawasiliano ajibu mbele ya nchi. Hawakuamka tu asubuhi na kupenda raia. Waliona ndugu zao wenyewe, madereva wao, wapiga kura wao, wote wanauliza maneno yaleyale. Mwanzo wa mwaka 2022, serikali ikaondoa RAM. Karibu mwaka mmoja na nusu wa kukatwa, na ikaisha.

Tuliimba, tulifurahi, ilikuwa haki yetu. Lakini ninakuja kwa jambo lililonileta leo. Swali la kwanza na la pili tulilishika mpaka mwisho. La tatu tuliliachilia siku ile RAM ilipoondoka. Mimi sijamuona mtu aliyerudishiwa uniti zake, hata za franka mia tano. Mwizi akiacha kuingia nyumbani kwako, unashukuru. Lakini televisheni yako iko wapi?

Hatari haiko ya jana tu. Kodi iliyoondolewa bila hesabu inaweza kurudi na jina lingine. Angalieni jirani zetu Uganda. Mwezi wa 7 mwaka 2018 walitoza shilingi 200 kila siku kwa mtu anayetumia mitandao kama WhatsApp na Facebook. Vijana wakaandamana Kampala, wengine wakajificha nyuma ya VPN. Mwaka 2021 ile kodi ikaondolewa. Na ni nini kilichokuja mahali pake? 12% juu ya mega za intaneti. Sasa huwezi kukwepa: unalipa wakati unaponunua. Kodi ile ilitoka kwa mlango, ikarudi kwa dirisha.

Kwa hiyo, wandugu, sikiliza kazi tunayopendekeza. Haiko kazi ya mashujaa, ni kazi ya wenye subira.

Kwanza, tuandike. Kitu kinapokatwa kwenyi simu, kwenyi barabara, kwenyi soko, chukua tarehe, saa, kiasi, na sababu uliyoambiwa. Chunga ujumbe, usiufute. Omba kitansi kila mara, hata kwa franka mia tano, hata wakikucheka. Malalamiko ya watu mia moja bila tarehe ni uvumi. Ya watu ishirini yenye tarehe ni faili.

Pili, tuandike barua. Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mukongomani haki ya kupeleka ombi kwa mkubwa wa serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na mkubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Usipeleke barua bila nakala. Nakala yako ipigwe muhuri na tarehe, irudi nayo nyumbani. Toka siku ile unaanza kuhesabu siku 90. Wakinyamaza, kunyamaza kwao tunakutangaza.

Tatu, tukienda barabarani, twende na karatasi. Kifungu cha 26 kinasema waandalizi wanajulisha mamlaka kwa maandishi. Kujulisha, haiko kuomba ruhusa. Na tunaenda mikono mitupu. Kioo kimoja cha duka kikipasuka, kesho hakuna atakayeongea tena juu ya kodi, wataongea juu ya kioo. Na mwenye duka ni mtu kama sisi, analipa kodi nyingi kutushinda.

Nne, hesabu ya RAM tuiombe, hata sasa. Katiba iko na Korti ya Hesabu, kazi yake ni kukagua makuta ya serikali. Tuombe vitu vitatu tu: ilikusanywa ngapi, iliingia wapi, ilitoka kwenda wapi. Tusiongeze matusi, matusi yanampa mtu sababu ya kutojibu.

Kuna atakayesema: ninyi vijana hamupendi kulipa. Hapana. Kifungu kilekile cha 174 kinasema kuchangia mizigo ya nchi ni wajibu wa kila mtu anayeishi hapa, na sisi tunakisoma chote, hatukati mustari unaotuuma. Mwalimu anapaswa kulipwa. Askari aliye mbele anapaswa kula. Barabara haijengwi kwa maombi. Mimi siku nitakayopata kazi, nataka kulipa kodi na kichwa juu, nipite kwenyi barabara niseme: hata mimi niko ndani ya lami hii.

Lakini leo shomeri mwenye uniti za franka mia tano anachangia, na hakuna anayemuonyesha hata jiwe moja la hiyo barabara. Ndiyo maana tunauliza. Anayelipa ana haki ya kuuliza, na nchi hii kila mtu analipa, hata yule asiye na mshahara.

Kabla ya kuondoka, kuna karatasi pale kwenyi meza. Ni ombi la hesabu ya RAM, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kifaransa. Soma kwanza, usitie sahihi kwa kunifurahisha mimi. Kama unakubali, andika jina lako na mwaka ulionunua simu yako ya kwanza ya intaneti. Wiki ijayo tunaipeleka, tunarudi na muhuri, na tutaanza kuhesabu siku.