Kidhibiti cha Taa za Rangi: Tulivyokitengeneza Wenyewe

Hotuba iliyotolewa na fundi umeme, jirani wa hekalu, katika ukumbi wa hekalu, Mbezi Beach



Nimeombwa nieleze jinsi taa za rangi zinazozunguka ukingo wa paa la hekalu zinavyoongozwa, na namna kidhibiti chake kilivyotengenezwa hapa hapa, juu ya meza ya stoo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na akaniomba nisizungumze kama fundi. Hilo la pili sina hakika kama nitaliweza. Mimi si muumini wa dini hii. Ni jirani yenu, na riziki yangu ya miaka mingi imekuwa umeme wa majumbani. Lakini Diwali huangukia usiku usio na mwezi, na sikukuu ya taa katika usiku wa giza haiwezi kumkosa fundi.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamkulishuhudia. Miaka michache iliyopita tulinunua tepe za taa za LED, zile zinazobadili rangi, pamoja na kidhibiti kidogo cha kiwandani na rimoti yake. Siku ya kwanza tuliziweka kwenye rangi moja tulivu, tukafunga geti, kila mtu akaenda kwake. Usiku wa manane umeme ukakatika, kisha ukarudi. Kidhibiti kile hakikuwa na kumbukumbu. Umeme uliporudi kilianza upya kwa mtindo kilichotoka nao kiwandani: nyekundu, buluu, nyekundu, buluu, kwa kasi, mpaka alfajiri. Hapakuwa na mtu wa kukizima.

Asubuhi alikuja mama mmoja ambaye dirisha la sebule yake linatazamana na hekalu. Nilikuwa juu ya ngazi. Alisimama getini bila kuingia, akasema, "Shikamoo mzee. Naomba nikuulize, zile taa leo usiku zitawaka tena vile?" Nikamjibu kwamba tungezirekebisha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mwanawe ana kifafa, kwamba hospitali walimweleza taa za kuwakawaka si nzuri kwake, na kwamba usiku ule mtoto alikuwa ameanguka pale sebuleni. Alikuwa amefunika dirisha kwa khanga mbili.

Hakutulaumu. Wala mimi, ambaye si tabibu, sitasimama hapa niseme kwamba taa zetu ndizo zilizomwangusha. Ninachojua ni kwamba kwa mama kutamka neno kifafa mbele ya mtu asiyemfahamu si jambo dogo. Bado wapo miongoni mwetu wanaouita ugonjwa huo pepo, na wanaoogopa kumshika mgonjwa aliyeanguka. (Kwa kuwa nimeligusa: mgonjwa alazwe ubavu, vitu vya kumuumiza viondolewe karibu naye, na asitiwe kitu chochote kinywani, hata kijiko.) Mama yule alilipa gharama ya aibu ili kunieleza. Nilishuka kwenye ngazi, nikaichomoa adapta.

Baadaye nilisoma na kuuliza. Wengi wenye kifafa hawadhuriwi na mwanga. Katika kila wagonjwa 100, wanaodhurika ni kama 3, na zaidi ni watoto na vijana. Mwanga unaohofiwa kuliko mwingine ni ule unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde, na nyekundu ikipokezana na buluu ni mbaya zaidi. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilionyesha nyekundu na buluu zikipokezana mara 12 hivi kwa sekunde, kwa muda wa sekunde chache tu. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali jioni ile. Nilipoyasoma hayo nilikikumbuka kidhibiti chetu kikipiga nyekundu na buluu usiku kucha mbele ya dirisha la mtu.

Kamati ilikaa. Wapo waliosema tununue kidhibiti kingine kilicho bora. Nilizunguka Kariakoo nikavijaribu kadhaa dukani, na karibu vyote vilikuwa na mitindo ya kuwakawaka ambayo huwezi kuiondoa. Unaweza tu kuiruka kwa rimoti, na rimoti huchezewa na watoto. Ndipo nilipopendekeza tutengeneze chetu. Nisiwafiche: kilitugharimu zaidi ya mara tatu ya kile cha dukani. Anayetafuta urahisi wa bei asitengeneze. Tulichokuwa tukikitafuta ni chombo kisichojua kabisa kuwakawaka.

Sasa niingie kwenye ufundi, nanyi mnisamehe.

Utepe wetu una nyaya nne. Mmoja ni wa chanya, volti 12, nao unatumiwa na rangi zote. Mitatu iliyobaki ni njia za kurudia umeme, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Hizo tatu zikichanganywa kwa vipimo mbalimbali huzaa rangi nyingine zote, hata nyeupe. Jambo hili tunaliona la kawaida leo, lakini LED nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962, na ilichukua takriban miaka thelathini zaidi kuipata buluu yenye nguvu. Wazaliwa watatu wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa buluu hiyo. Bila wao tungekuwa na paa jekundu na la kijani tu.

Kwa hiyo kidhibiti kina kazi moja: kufungua na kufunga hizo njia tatu za kurudia. Kinachofungua na kufunga ni transista aina ya mosfeti, moja kwa kila rangi. Ifikirieni kama bomba la maji lenye koki inayozungushwa kwa kidole kimoja: umeme mdogo sana kwenye lango lake hupitisha umeme mkubwa wa taa. Kidole chenyewe ni Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta kinachoingia kiganjani, ambacho huandikiwa programu kwa waya kutoka kompyuta ya kawaida.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilihitaji transista iitwayo IRLZ44N. Nikarudi na IRFZ44N. Tofauti ni herufi moja, na kwa umbo zimefanana kama mapacha. Lakini ile yenye L hufunguka vizuri kwa volti 5 zinazotoka kwenye Arduino, ilhali yenye F hutaka volti 10 ili ifunguke sawasawa. Yangu ilifunguka nusunusu, na umeme unaopita penye mlango ulio nusu wazi hugeuka joto. Baada ya robo saa haikushikika, na plastiki ya kisanduku ilikuwa imeanza kulainika. Nashukuru tulijaribia mezani wala si juu ya paa la makuti ya jirani.

Hesabu ya umeme nayo isipuuzwe. Utepe wa aina yetu, wenye taa 60 kwa mita, hula wati 14.4 kwa kila mita zikiwaka rangi zote. Ukingo wa mbele ni mita 10, hivyo ni wati 144. Gawanyeni kwa volti 12: ampea 12. Waya mwembamba wa simu hauwezi kuubeba mzigo huo. Tulitumia adapta ya ampea 20, nyaya nene, na fyuzi kwenye chanya karibu kabisa na adapta. Kila utepe wa mita 5 una waya wake wa kuulisha; ukiziunga moja nyuma ya nyingine, ya mwisho huwaka kwa unyonge na nyeupe yake hugeuka wekundu.

Kuna rezista mbili kwa kila transista. Ya kwanza, ya omu 220, hukaa kati ya Arduino na lango. Ya pili, ya omu 10,000, huunganisha lango na hasi, na hiyo ndiyo ninayoipenda, ingawa bei yake haifiki hata ya pipi. Umeme unaporudi baada ya kukatika, Arduino huchukua muda mfupi kuamka. Katika muda huo lango halina anayeliamuru, na taa zinaweza kupepesa ovyo. Rezista hii hulishikilia lango likiwa limefungwa mpaka Arduino izinduke. Kwa hiyo umeme ukirudi usiku wa manane, paa hubaki giza kwanza, kisha rangi hupanda polepole.

Jambo jingine lililonichosha siku nzima: hasi ya adapta na hasi ya Arduino ni lazima ziunganishwe. Usipoziunganisha taa zitafanya zitakavyo, nawe utailaumu programu bure.

Programu yenyewe waliiandika vijana wenu, mimi nikiwa mwanafunzi. Kila rangi hupewa namba kuanzia 0 hadi 255. Arduino haipunguzi volti. Huiwasha na kuizima taa mara 490 hivi kwa sekunde, na namba ile husema ikae imewaka kwa muda gani kila mara. Kijana mmoja aliniuliza swali zuri: je, huko si kuwakawaka kule kule tulikokukimbia? Jawabu ni kwamba mara 490 ni mbali mno juu ya ile 30 niliyoitaja. Jicho huona mwanga mmoja uliotulia.

Jicho nalo lina ujanja wake. Ukiipa taa nusu ya nguvu, jicho huona karibu robo tatu. Ndiyo sababu mwanzoni rangi zetu ziliruka ghafla zilipokuwa chini na kuonekana zimekwama zilipokuwa juu. Dawa ni kuizidisha namba kwa yenyewe kisha kugawanya kwa 255. Tukitaka macho yaone nusu hivi, Arduino hupewa 64 badala ya 128. Baada ya hesabu hiyo rangi zilianza kupita kama mawingu ya magharibi.

Rangi ya kuanzia ni ile ya moto wa diya: nyekundu 255, kijani 90, buluu hakuna kabisa. Kutoka rangi moja hadi nyingine ni sekunde 8, na hakuna kitufe cha kuharakisha. Kipo kimoja tu cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio, nacho ni cha kupunguza ukali wa mwanga ikifika saa nne usiku.

Hili la kuharakisha lilileta ugomvi. Vijana walitaka taa ziende na ngoma katika zile siku tisa za Navratri, na sikuwaona wakosaji. Garba bila taa za kucheza kwao ni kama pilau bila nyama. Walisema, "Mjomba, tuwashe kwa saa mbili tu." Nilikataa, nikaonekana mzee mkorofi, na kwa wiki nzima nilifanya kazi ya kulehemu peke yangu. Kisha mmoja wao alikuja na wazo: rangi zisicheze kwa muda, zicheze kwa mahali. Upande wa kulia uwe rangi moja, wa kushoto nyingine, na zibadilishane polepole huku watu wakizunguka. Tuliongeza transista tatu, na rangi za upande wa pili tukaziunga kwenye miguu mingine mitatu ya Arduino. Ndivyo mlivyocheza mwaka jana. Sikusikia aliyelalamika, ila mwenye muziki, ambaye hulalamika kila mwaka.

Kilichotushinda zaidi ni bahari. Diwali huja wakati wa vuli, na hewa ya Mbezi Beach ina chumvi. Msimu wa kwanza maungio yetu yalioza kwa kutu ya kijani ndani ya miezi miwili. Sasa kila kiungo kimelehemiwa na kuzibwa kwa silikoni, na kidhibiti kimo ndani ya kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, nyaya zikiingia kwa chini ili maji yasifuate waya hadi ndani.

Kabla ya kuziwasha rasmi nilibisha hodi kwa yule mama. Nilimwomba atazame kwanza akiwa peke yake, mtoto akiwa chumba cha nyuma. Alisimama dirishani kwa dakika kumi na tano hivi, nami nikiwa kando yake, tukizitazama rangi zikipita. Niliomba kwa simu adapta izimwe na kuwashwa mara tatu, kana kwamba umeme umekatika. Kila mara paa lilibaki giza, kisha dhahabu ikapanda. Akaondoa pini za khanga moja. Ile ya pili akasema ataiacha kwanza, nami nikaona ni haki yake.

Mchoro wa saketi umebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, na nakala ya programu anayo katibu. Anayetaka kutengeneza cha nyumbani kwake aje aninakili. Aanze na mita moja ya utepe na adapta ndogo. Ndani ya mfuniko wa kontena kuna bahasha yenye fyuzi mbili za akiba. Atakayeitumia moja anunue nyingine, kwa sababu Diwali iliyopita nilipofungua bahasha ile nilikuta risiti tu.