Koo Linapouma

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kusema nanyi habari za koo linalouma, na jinsi duka la dawa liwezavyo kutusaidia.

Wengi wetu hufika pale na kusema, "Nipe vidonge vinne vya antibayotiki," kana kwamba twanunua chumvi. Sivyo ifaavyo. Tumweleze mfamasia habari zote, naye atuulize: Je, una homa? Wakohoa? Una mafua? Umeumwa siku ngapi? Kisha alimulike koo kwa tochi.

Kikohozi na mafua vikiwapo, mara nyingi kisa ni virusi, na antibayotiki haiviwezi. Tusukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, tumeze parasetamoli kwa kipimo, na kwa kawaida tutapona katika juma moja hivi.

Lakini homa ikiwapo pasipo kikohozi, mafindofindo yakavimba na kutoa usaha, na tezi za shingo zikauma, huenda ni bakteria. Hapo mgonjwa, hasa mtoto wa miaka 5 hata 15, apelekwe kwa tabibu. Akiandikiwa penisilini ya siku 10, aimalize yote, hata akijiona mzima siku ya 3. Maana ugonjwa huo usipotibiwa vema waweza kuharibu moyo.

Asiyeweza kumeza mate, au apumuaye kwa shida, asingoje duka. Apelekwe hospitali upesi. Wala tusikubali mtoto akatwe kimeo: kisu kile hakiponyi koo, bali chaweza kumwaga damu nyingi na kuleta mauti.