Mto Mmoja, Mabwawa Saba, Nchi Tatu

Wiki hii naomba tusafiri mbali, hadi kaskazini kabisa mwa Ulaya, ambako wakati wa kiangazi jua halituwi na wakati wa baridi halichomozi. Huko kuna mto mdogo ambao urefu wake haufiki hata kilometa 150. Wafini wanauita Paatsjoki, Wanorwe wanauita Pasvikelva, Warusi wanauita Paz. Wasami, waliokuwapo kabla ya hao wote, nao wana jina lao.

Mto huu unatoka katika ziwa Inari nchini Finland, unaingia Urusi, kisha unakuwa mpaka kati ya Urusi na Norway, na mwisho unamwaga maji yake katika bahari ya Barents karibu na mji wa Kirkenes. Ziwa liko kiasi cha mita 119 juu ya usawa wa bahari, na hizo mita 119 ndizo mali yenyewe. Karibu kila poromoko limezibwa ili kufua umeme. Mabwawa ni saba, matano ya Urusi na mawili ya Norway. Msidhani ni mitambo ya kutisha: hayo matano ya Urusi yakijumlishwa hayafiki megawati 200.

Kisa kilianza na madini ya nikeli. Eneo la Petsamo lilikuwa la Finland hadi mwaka 1944, na Wafini walijenga bwawa la Jäniskoski, likamalizika 1942, ili umeme wake uendeshe migodi na tanuru la mji ambao leo unaitwa Nikel. Majeshi ya Ujerumani, yakirudi nyuma mwaka 1944, yakalilipua. Petsamo ikaenda kwa Wasovieti, na mwaka 1947 wakanunua kutoka Finland kipande cha ardhi chenye bwawa hilo. Na ni nani aliyepewa kazi ya kulijenga upya? Wafini walewale!

Linalonishangaza zaidi ni yaliyofuata. Norway ilikuwa mwanachama wa NATO tangu 1949, na ng'ambo ya mto walikuwa Wasovieti. Hata hivyo, Desemba 1957 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kugawana nguvu ya mto. Hawakukata kila poromoko nusu kwa nusu. Walisema: pale pote pako, hapa pote pangu. Norway ikapata Skogfoss na Melkefoss. Wasovieti wakapata Borisoglebsk karibu na mlango wa mto, na waliowajengea bwawa hilo ni mafundi wa Norway. Sisi kule Rusumo, kwenye mto Kagera, tulichagua njia nyingine: kituo kimoja cha megawati 80, umeme wake ukagawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Ilibaki habari ya ziwa. Ziwa Inari liko Finland, lakini lango linalozuia maji yake liko Kaitakoski, ng'ambo ya mpaka. Fikirini pipa la maji liko nyumbani kwako na bomba lake liko kwa jirani. Kwa hiyo mwaka 1959 nchi zote tatu zikaandikiana mkataba juu ya kiwango cha maji, ambacho kinaruhusiwa kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita mbili.

Mita mbili mezani ni tarakimu. Ufukweni ni jambo jingine. Samaki aina ya trauti hutaga mayai penye changarawe na maji ya kasi, na mto uliokuwa wa maporomoko sasa ni mfululizo wa vidimbwi vilivyotulia. Ndiyo maana hadi leo ziwa na mto hupandikizwa samaki wadogo waliolelewa na watu.

Nao Wasami wa Skolt, ambao koo zao zilivua na kuchunga katika bonde hilo, sijaona mahali walipoketishwa kwenye meza hizo. Mpaka wa 1826 uliwakata, vita vya 1944 vikawang'oa. Wale wa Paatsjoki walipewa makazi mapya Nellim, kando ya ziwa hilohilo la Inari. Yaani walitolewa mtoni, wakapelekwa penye chanzo chake.

Mwaka 2023 Finland nayo iliingia NATO, na kabla mwaka haujaisha ikawa imefunga vituo vyake vya kuvukia watu kwenda Urusi. Maji hayaombi pasi, yanaendelea kuvuka. Na lile tanuru la Nikel, ambalo kwa ajili yake poromoko la Jäniskoski lilizibwa, lilizimwa Desemba 2020. Mabwawa yote saba bado yapo.