Benzi la Maharusi: Tulinunue, Tulichukue kwa Karadha, au Tulikodi?

(Maelezo ya Mweka Hazina mbele ya Mkutano Mkuu wa miaka kumi ya kikundi)



Kamati imenipa dakika kumi na tano nieleze jambo moja tu, lile ambalo limetusemesha tangu Agosti: pendekezo la kikundi kununua Mercedes-Benz ya kukodisha kwenye harusi, sendofu na kicheni pati. Nawaomba wale wanaolitaka wasinune kabla sijamaliza. Na wale wasiolitaka nao wasipige vigelegele mapema.

Kwanza niseme kwamba hamu hiyo naielewa. Miaka kumi tumeweka akiba kwa kudunduliza, tumepanda daladala tukiwa na masufuria mapajani, na leo tunazo shilingi milioni 41. Mtu anataka kitu kinachoonekana, ili shemeji na mawifi wakisema "kikundi chenu kina nini?" uoneshe kwa kidole. Tena Benzi siyo gari tu katika nchi hizi. Tangu miaka ya sitini watu wakubwa waliitwa Wabenzi, kana kwamba ni kabila, na jina hilo halikuwa la sifa. Lakini siku ya harusi kila bibi harusi anataka kuwa wa kabila hilo kwa saa sita. Biashara ipo, hilo silipingi.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Gari tuliloletewa picha yake ni E240 ya mwaka 2005, rangi ya fedha, iko Japani. Hadi ifike bandarini Dar es Salaam, pamoja na meli na bima ya safari, ni sh. 15,000,000/=. Wengi mliposikia milioni 15 mkasema, "Kumbe! Mbona tunaliweza?" Jamani, hapo bado hujalitoa bandarini.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani sh. 3,750,000/=. Tumefika 18,750,000/=. Juu ya hiyo, siyo juu ya ile milioni 15, kuna ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa kuwa injini inazidi sisi 2,000: sh. 1,875,000/=. Halafu kuna ushuru wa uchakavu. Gari likizidi miaka kumi ni asilimia 30, nayo ni sh. 5,625,000/=. Hapo VAT ya asilimia 18 inakuja kupiga juu ya vyote hivyo vilivyorundikana: sh. 4,725,000/=. Jumla ya ushuru na kodi hizo ni sh. 15,975,000/=. Yaani kodi imelishinda gari lenyewe! Ukiongeza tozo ndogondogo, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili, tunatoka getini na sh. 32,500,000/= hivi. Tena TRA wana makadirio yao ya thamani ya kila gari, hawatazami tu risiti ya muuzaji, na viwango huguswa kwenye Bajeti ya kila Juni. Hesabu hii inaweza kupanda kabla meli haijafika.

Njia ya pili ni karadha. Nilikwenda kuuliza kwenye kampuni moja hapa mjini. Gari kama hilo likiwa tayari na namba ni milioni 38. Unatanguliza sh. 11,400,000/=, halafu kila mwezi sh. 1,050,000/= kwa miezi 36. Zidisha mwenyewe: marejesho peke yake ni sh. 37,800,000/=. Ukijumlisha na kianzio ni sh. 49,200,000/=, zaidi ya bei kwa milioni 11 na laki mbili. Na muda wote huo gari ni mali ya kampuni. Ukikosa miezi kadhaa linakuja kuvutwa, hata kama limefungwa maua. Uzuri wake ni kwamba fedha zetu nyingi zingebaki kwenye mfuko. Lakini tutapata wapi milioni moja na elfu hamsini kila mwezi, Ramadhani na Kwaresima zikiwemo, wakati harusi zimelala?

Hapo ndipo mapato yanapoanza kuonekana yalivyo. Mama mmoja aliandika kwenye pendekezo kwamba mwaka una Jumamosi 52, na kila Jumamosi ni shilingi laki tatu na nusu. Dada yangu, hebu tutoe Ramadhani, tutoe Kwaresima, tutoe masika ambapo watu hawafanyi sherehe za nje. Halafu kumbuka kwamba wenye magari meupe mapya nao wapo. Niliangalia daftari letu la kukodisha maturubai na viti. Mwaka uliopita tulipata kazi za harusi 23. Nikachukulia kwamba 20 kati yao wangetaka na Benzi letu, na hapo nimekuwa mkarimu. Ni sh. 7,000,000/= kwa mwaka.

Matumizi ni haya. Bima kubwa ya gari la biashara, milioni moja na nusu. Dereva, elfu hamsini kila safari, milioni moja. Petroli, laki nane. Mahali pa kulilaza na mlinzi, laki sita. Sabisi, matairi na betri, milioni mbili. Jumla sh. 5,900,000/=. Inabaki sh. 1,100,000/=, kabla ya kodi ya mapato na kabla halijaharibika kitu kikubwa. Na gari linazeeka. Baada ya miaka mitano tukiliuza milioni 15 tutakuwa na bahati, maana yake kila mwaka limekula sh. 3,500,000/= likiwa limesimama tu. Kwa hiyo ile milioni moja na laki moja ni faida ya machoni. Kwa kweli tumepoteza zaidi ya milioni mbili kila mwaka.

Kuhusu kuharibika, nilikwenda Gerezani kwa fundi anayeyajua magari haya. E-Class za umbo lile, za 2002 hadi 2006, zina breki za umeme zinazoitwa SBC. Kampuni yenyewe iliyaita magari mengi karakana mwaka 2004 na tena 2005 kwa ajili ya breki hizo, na mwaka 2006 ikaziacha kwenye E-Class. Pampu yake inajihesabu ndani kwa ndani. Idadi ikitimia, taa nyekundu inawaka na lazima ibadilishwe, na kazi hiyo inataka kompyuta maalumu. Fundi asiyeijua akifungua breki bila kuizima kwanza, mfumo unaweza kujibana wenyewe na kumvunja vidole. Si kila mtu wa chini ya mwembe ataligusa. Na yale yenye springi za upepo, mipira yake hupasuka kwa umri. Asubuhi unalikuta limelala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Fikirieni barabara zetu za mitaani, na bibi harusi anasubiri.

Kuna waliosema basi tununue Toyota, vipuri vimejaa Ilala. Ni kweli, lakini hakuna atakayelipa laki tatu na nusu kwa gari ambalo mjomba wake analo.

Jambo linaloninyima usingizi ni Januari. Januari iliyopita wanachama waliomba mikopo ya ada na sare za sh. 19,000,000/=, na wote tuliwapa. Tukinunua Benzi, mfuko unabaki na sh. 8,500,000/=. Kuna wajane humu ndani ambao hawana pengine pa kukopa zaidi ya kwa wale wa riba za kukomoa. Tutawaambia nini, waje wapande Benzi? Fedha hizo hizo 32,500,000/= zikizunguka kwenye mikopo yetu kwa asilimia moja kwa mwezi zinaleta sh. 3,900,000/= kwa mwaka, na hazihitaji mlinzi.

Pendekezo langu ni tukodi. Wapo wenye Benzi wawili waliokubali kutupa gari na dereva kwa sh. 280,000/= kwa siku endapo tutawaletea kazi mfululizo. Sisi tutaliunganisha na maturubai, viti na vyombo vyetu, mteja alipe 350,000/=. Kwa harusi 20 hiyo ni sh. 1,400,000/= bila kununua hata tairi. Mwanachama anayeoza mtoto wake alipe ile ile 280,000/=. Mkataba lazima uandikwe, na useme wazi: gari likikwama, mwenyewe analeta lingine la hadhi hiyo hiyo kabla ya saa ya ibada, au harudishiwi kazi.

Makaratasi ya hesabu yapo kwa Katibu, kila mmoja achukue lake na kalamu. Maswali tutayajibu baada ya chakula, kisha kura ipigwe kwa karatasi, siyo kwa kunyoosha mikono.