Kiti cha Nikotini: Dawa za Cheti na Kuacha Sigara



Mtu akirudia sigara, husemwa kwamba hana nia. Jioni hii nimekuja kulipinga neno hilo. Nia wengi wanayo: huacha Jumatatu, wakarudia Alhamisi, wakaapa upya. Kinachowarudisha ni arosto, nayo ina makao yake ubongoni.

Moshi ukivutwa, nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20. Huko hukuta vipokezi. Leo tuviite viti. Ikivikalia, dopamini humwagika na mvutaji huburudika. Kadiri anavyozoea kuvuta, viti huongezeka. Vikikaa vitupu, huja hasira, usingizi hupotea, na akili haitulii: hiyo ndiyo arosto.

Dawa iitwayo vareniklini hukikalia kiti hicho hicho. Huleta burudiko dogo, la kutosha kupunguza arosto. Na mtu akiteleza akavuta, nikotini hukuta kiti kina mwenyewe, sigara ikakosa utamu. Dawa hii ilibuniwa kwa kufuata saitisini, kemikali itokayo kwenye mti wa laburnum, ambayo Bulgaria imekuwa ikiitumia kama dawa ya kuachia sigara tangu miaka ya 1960. Marekani iliidhinisha vareniklini mwaka 2006. Bupropioni iliitangulia mwaka 1997: ilikuwa dawa ya sonona, hadi ilipoonekana kwamba baadhi ya wagonjwa walioimeza walipoteza hamu ya kuvuta.

Kwa kawaida vareniklini huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, dozi ikipandishwa taratibu, kisha huendelea hadi wiki 12 zitimie. Huweza kuleta kichefuchefu, ndiyo maana humezwa baada ya kula, kwa maji ya kutosha. Wengine huota ndoto nzito. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Kwa hiyo cheti cha daktari ni kinga ya mgonjwa, si urasimu.

Palikuwa na hofu kwamba dawa hizi huvuruga akili. Utafiti uliohusisha watu zaidi ya 8,000, uliochapishwa mwaka 2016, haukuonyesha ongezeko kubwa la madhara hayo, na mwaka huo huo Marekani ikaliondoa onyo kali lililokuwa kwenye maelezo ya dawa hizo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu. Lakini sigara inauzwa moja moja kwenye genge la jirani, na dawa ya kuiachia mgonjwa hajawahi hata kuisikia. Umbali huo ndio unaoniuma.

Wanafunzi wangu, kesho mtakaa mbele ya mgonjwa atakayeinamisha kichwa na kusema, “Daktari, nimeshindwa.” Msimhubirie. Muulizeni amewahi kutibiwa mara ngapi. Akijibu kwamba hajawahi hata mara moja, basi tulioshindwa ni sisi, na matibabu yake yaanze siku hiyo hiyo.