Tunguu: Shamba Lililogeuka Kiunga

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, masahibu zangu wa darasa moja, na nyinyi vijana mliokaa nyuma:

Nimeombwa nizungumze habari za kwetu Tunguu. Tulipokuwa skuli mlinitania "mtu wa shamba", maana nilikuja na gari ya mbao, nimekaa juu ya magunia ya muhogo. Baadhi yenu mliocheka leo mna viwanja huko huko. Karibuni.

Mji wetu tangu zamani hauishi kujitanua. Ulivuka hori ya Darajani ukawa Ng'ambo. Mwaka 1905 ukapata reli ya kwendea Bububu. Miaka ya 1970 yakasimama majumba ya Michenzani. Tunguu ilibaki pahala pa kupita tu, mtu akielekea Unguja Ukuu. Kilichotugeuza sisi ni vyuo. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilifunguliwa mwaka 1998. Kisha Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoanza 2001, nacho kikaweka kampasi yake kuu kwetu. Wanafunzi wakataka vyumba vya kupanga, na aliyekuwa na banda la kuku akalipiga plasta. Siku hizi asubuhi gari za abiria hujaa pande zote mbili: watoto wetu wanakwenda kazini mjini, watu wa mjini wanakuja kusoma na kusomesha. Jioni hubadilishana.

Lakini linalonikaa kooni ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilitaifisha ardhi ikawagawia wakulima eka tatu tatu. Marehemu baba alipata zake: minazi, muhogo, na mwembe mmoja wa boribo. Eka zile zilitolewa zilimwe, si zikatwe viwanja. Mimi nilikuwa nikisema hivyo kwa sauti kubwa. Ila mwaka 2012 Zanzibar tulihesabiwa watu 1,303,569, na mwaka 2022 tukawa 1,889,773, na wajukuu wa baba peke yao ni kumi na tisa. Nao wanataka pa kulala.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja na mnunuzi. Wamepima kwa kamba mpaka kisimani. Ndugu zangu wote wameshatia saini, limebaki jina langu. Nikawaambia, ngojeni kwanza nikaonane na wenzangu wa skuli. Kesho asubuhi watanikuta chini ya mwembe, na kalamu yao mkononi.